Gemu ya kanga na gemu ya karafuu: jaji aipe ipi ushindi?

Jaji wa shindano la programu kwa kawaida hukabidhiwa karatasi yenye safu tano: ubunifu, muonekano, sauti, ufundi, furaha. Toa alama moja mpaka tano kila safu, jumlisha, mshindi amepatikana. Karatasi hiyo inatosha ukiwa na gemu ya mbio za ngalawa mkono huu na gemu ya maswali ya jiografia mkono huu, maana zimeachana mno na hakuna atakayekuuliza sana. Zikija gemu mbili za jamii moja, zote za kufananisha vitu kwa kasi, zote zimeundwa kwa saa 48, ndipo inapoonekana kuwa safu zile zinapima kila kitu isipokuwa kasi yenyewe.

Nazilinganisha hapa mbili zilizoletwa katika shindano dogo la mwisho wa wiki, mjini Unguja. Majina ya waliozitengeneza nayaacha, na gemu zenyewe naziita ya kanga na ya karafuu, kama tulivyokuwa tukiziita mezani. Ya kanga ni ya wanafunzi wanne wa mjini. Ya karafuu ni ya vijana wawili waliovuka na boti kutoka Pemba, wakiwa na kompyuta moja baina yao. Kama na wewe umeombwa kuwa jaji, au ni mwalimu wa skuli unayetaka kuandaa shindano la namna hii, huenda mzozo wetu ukakupunguzia wako.

Zinavyochezwa

Ukifungua ya kanga, kioo kinajaa vipande 60, kumi kwa sita, kila kimoja picha ya kanga halisi. Unatafuta viwili vinavyofanana ili vitimize doti. Ukivigusa, mstari unatoka kwa kimoja kwenda kwa mwenzake. Ukifika bila kupinda zaidi ya mara mbili na bila kukanyaga kipande chengine, kanga zinakunjwa pamoja na kuondoka. Una sekunde 90 za kumaliza doti 30. Kanuni hiyo si mpya, ni ya Shisen-Sho, mchezo wa Kijapani wa vigae vya mahjong. Kilicho kipya ni ujanja mmoja ulionifurahisha kwelikweli: baadhi ya kanga zina mji mmoja (pambo la katikati) na pindo moja, zimetofautiana kwa jina tu, yaani maneno yaliyoandikwa. Hii imeandikwa "Hasidi hana sababu", ile "Wema hauozi". Anayetazama rangi bila kusoma anakwama. Gemu inayomlazimisha mtu asome Kiswahili mbio mbio si jambo la kila siku.

Ya karafuu haina picha ya kujivunia. Ni miraba ya rangi tupu: karafuu mbichi ya kijani, iliyowiva nyekundu, kavu ya hudhurungi, makonyo ya manjano, na jani la kijani iliyokoza. Jamvi lina upana wa vitu sita na urefu wa kumi na mbili. Unabadilishana viwili vilivyokaa bega kwa bega, kulia na kushoto tu. Vikikaa vitatu au zaidi vya aina moja katika mstari, vinaondoka, na vilivyokuwa juu yake vinashuka. Wakati huohuo jamvi zima linapanda kutoka chini, mstari baada ya mstari, na kadiri unavyodumu ndivyo linavyopanda upesi. Likigusa juu, mvua imenyeshea karafuu, mchezo umekwisha. Anayeijua Panel de Pon, iliyotoka Japani mwaka 1995, ataitambua mara moja, vipimo vya jamvi pamoja.

Nasaba ya gemu ina maana kwa jaji. Katika ukoo wa Shariki, aliyoiandika Mrusi Eugene Alemzhin mwaka 1994, uliokuja kuzaa Bejeweled ya 2001 na Candy Crush Saga ya 2012, vitu vinakaa vilipo mpaka uviguse. Haraka ikitakiwa, huongezwa saa. Bejeweled Blitz ilimpa mchezaji dakika moja tu. Katika ukoo wa Tetris, wa Puyo Puyo ya 1991 na wa hiyo Panel de Pon, saa haina kazi kwa sababu meza yenyewe ndiyo inayokujia. Ya kanga ni gemu ya saa, ya karafuu ni gemu ya meza. Zote mbili zinaitwa za kasi, lakini zinakuharakisha kwa sababu tofauti, na makosa yanayoziua nayo ni tofauti.

Sekunde zinazoibwa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, na ndipo karatasi ya safu tano inapopita bila kugeuza shingo.

Katika gemu ya kanga, kila doti inayopatikana inaonyeshwa ikikunjwa: upande huu, upande ule, halafu inapepea kwenda kwenye rafu. Ni jambo zuri la kutazama. Linachukua sehemu nane za kumi za sekunde, na muda wote huo kioo hakipokei mguso. Piga hesabu: doti 30 mara sekunde 0.8 ni sekunde 24. Katika sekunde 90 ulizopewa, zaidi ya robo umekaa kutazama nguo ikikunjwa. Adhabu yenyewe inamwangukia aliye hodari, kwa sababu anayetafuta polepole ukunjaji humkuta bado anatafuta, haumpotezei kitu. Mwenye jicho kali ameshaiona doti ya pili, kidole kimeshagusa, na gemu haikusikia. Mtu wa kawaida akiona kitu anahitaji kama robo sekunde kuanza kukijibu. Ukimfungia kioo mara tatu ya muda huo kila anapofanikiwa, umemwambia ubingwa wake hautakiwi.

Majaji wenzangu wawili waliipa gemu hiyo alama tano za muonekano kwa sababu ya ule ukunjaji, na sikuwalaumu. Nilichowaomba ni kwamba kitu kilekile kihesabiwe pia kule kwenye ufundi, kwa upande wa hasara.

Vijana wa Pemba hawakufunga kitu. Vitu vitatu vinavyoondoka ndivyo pekee visivyoguswa. Jamvi lililobaki ni lako. Kumbe hapo ndipo utamu wote ulipo. Vitatu vinapofifia unazo sehemu chache za sekunde kusogeza karafuu nyekundu chini ya ile itakayoshuka, ikishuka ikutane na wenzake, nao waondoke, na mnyororo unaendelea. Panel de Pon imejengwa juu ya nafasi hiyo: wakati wa kusubiri ni wakati wa kupanga. Sikuwauliza kama waliiiga au waliigundua wenyewe, na kwa jaji haibadilishi kitu, maana kuiga kanuni kunaruhusiwa karibu kila shindano.

Ukitaka kuipima gemu yoyote ya aina hii kwa dakika moja, usicheze kwa adabu. Gusa wakati vitu vinaondoka, gusa wakati vinashuka, gusa haraka kuliko inavyopendeza. Gemu inayopoteza miguso yako itapoteza na ya mchezaji bora utakayempata, na yeye hatarudi.

Meza iliyokufa na bahati ya bure

Ya kanga ina dosari nyengine, na hii nilimwonyesha mtengenezaji kwa kalamu na karatasi. Vipande hupangwa ovyo mwanzoni, bila kuhakikisha kama vinaweza kumalizika. Chukua mwisho wa mchezo, vimebaki vinne katika mraba: "Hasidi hana sababu" juu kushoto na mwenzake chini kulia, "Wema hauozi" juu kulia na mwenzake chini kushoto. Jaribu kuchora mstari wa kuunganisha wawili waliokabiliana kwa pembe. Hata ukizungukia nje, lazima upinde mara tatu, na kanuni inaruhusu mbili. Mchezaji ana sekunde zake, ana doti mbili mbele ya macho, na hakuna anachoweza kufanya. Gemu haimwambii kitu. Inamwacha aguseguse mpaka saa iishe, naye anadhani ni mzito wa akili.

Dawa zipo mbili na zote zinajulikana. Unaweza kuijenga meza kinyumenyume: anza na kioo kitupu, weka doti moja moja mahali ambapo kwa wakati huo zingeunganika, ili njia ya kurudi iwepo daima. Au unaiacha ya ovyo, lakini kila baada ya doti programu ikague kama ipo hata moja inayowezekana, na kama haipo ichanganye upya. Ukaguzi wa vipande 60 kwa kompyuta si kazi hata kidogo. Saa 48 zinatosha kabisa kwa dawa ya pili.

Kwa ya karafuu hatari ilikuwa upande wa pili, yaani bahati ya bure. Ukiwa na aina tano na mstari mpya wa vitu sita uliojazwa kwa kura tupu, karibu mstari mmoja katika kila saba utakuja tayari una vitatu vinavyofanana vimekaa pamoja. Ukiongeza aina ya sita, karibu mmoja katika kumi. Mchezaji anapata alama kwa jambo ambalo hakulifanya, na baada ya muda hajui tena kipi ni chake na kipi cha bahati. Wale vijana walikuwa wamelizuia hilo. Katika msimbo wao, yaani maandishi ya programu, kuna mistari michache inayokagua kila mstari mpya kabla haujapanda na kuubadilisha ukiwa na vitatu. Tena mstari unaofuata unachungulia chini ya jamvi, umefifishwa, ili uuone kabla haujafika. Ndiyo maana mnyororo mrefu katika gemu ile ukiupata unajua ni wako.

Jambo moja la kuwaambia waandaaji, kwa gemu zozote mbili: wakati wa kupima, kila mchezaji apewe meza ileile. Kompyuta haipigi kura ya kweli, hutoa namba kutokana na namba ya kuanzia. Ukiiweka namba hiyo iwe moja kwa wote, wote watakutana na vitu vilevile kwa mpangilio uleule. Bila ya hivyo unalinganisha bahati za watu.

Nyekundu na kijani

Hapa ya karafuu inastahili kupigwa, na niliipiga. Karafuu ya kijani na karafuu nyekundu katika gemu ile ni miraba miwili yenye umbo moja, inatofautiana kwa rangi tu, na jani nalo ni kijani nyengine. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, takriban 8 katika 100 wana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa watu wa asili ya Afrika idadi ni ndogo kuliko hiyo, lakini si sifuri, na Zanzibar ni mji wa damu nyingi zilizochanganyika. Kwa wanawake ni nadra kila mahali.

Huhitaji kumtafuta mtu mwenye shida hiyo. Simu nyingi zina chaguo la kuonyesha kila kitu kwa kijivu. Iwashe, kisha cheza. Ya kanga ilichezeka kwa kijivu bila tabu, mapambo ya kanga yanatosha, jina linasomeka. Ya karafuu iligeuka ukuta. Kuweka alama ndogo ndani ya kila mraba, kichwa cha karafuu hapa na mshipa wa jani pale, ingekuwa kazi ya saa moja, na hao ni watu waliokulia baina ya majamvi ya karafuu. Wangeweza kuzichora wamefumba macho.

Simu yako na simu ya mwenzako

Adhuhuri umeme ulikatika, kama desturi, na kila mtu akaiweka simu yake katika hali ya kuokoa chaji. Hapo tukaanza kubishana kuhusu gemu ya karafuu kama watu waliocheza gemu mbili tofauti. Jaji mmoja akisema ni ya usingizi, mwengine akisema haichezeki kwa jinsi inavyokwenda mbio.

Walikuwa sahihi wote. Programu ile inapandisha jamvi kidogo kila kioo kinapochorwa upya. Kioo cha kawaida huchorwa mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7 hivi. Simu za bei kubwa huchora mara 120, kwa hiyo jamvi linapanda maradufu. Katika hali ya kuokoa chaji, baadhi ya simu na vivinjari hupunguza mpaka 30, na jamvi linajikokota. Njia inayotakiwa ni kuuliza muda halisi uliopita tangu mchoro wa mwisho na kuzidisha kasi kwa muda huo. Ni marekebisho ya mstari mmoja, na ni kosa la kila anayeanza. Mashindano ya saa 48 yamejaa kosa hili popote duniani.

Mimi napendelea kosa la aina hiyo lihesabiwe kidogo, na majaji wote wapime kwa simu moja, ile ambayo vijana wenyewe waliitumia kuijaribia gemu yao. Lakini nakubali kuwa jaji mkali ana hoja: kilicholetwa ndicho kilicholetwa.

Kwa uzito, hakuna mjadala. Ya kanga ni megabaiti 18, kwa sababu picha zimepigwa kwa kamera na kuwekwa zilivyo, hazikupunguzwa. Ya karafuu ikibanwa ni kilobaiti tisa. Kuna shindano la kimataifa linaloitwa js13kGames, linaloanza kila tarehe 13 Agosti na kumalizika 13 Septemba, ambapo gemu nzima ikibanwa haiwezi kuzidi baiti 13,312. Ya karafuu ingeingia na nafasi ikabaki. Mtu anayenunua bando la siku atafikiri mara mbili kabla ya kufungua ya kanga, na hao ndio wachezaji wetu.

Kuhusu sauti nitapita haraka. Ya karafuu haina sauti kabisa. Ya kanga ina kipande cha taarabu kilichokatwa kutoka rekodi ya watu wengine bila ruhusa, na kwa hilo niliomba wenzangu wazime sauti na safu hiyo waiache tupu kwa gemu zote mbili. Pia, kama gemu ya kivinjari inaanza kimya mpaka uguse kioo, usiipunguzie alama; vivinjari vyenyewe ndivyo vinavyozuia sauti isianze kabla ya mguso.

Waliopewa bila ya maelezo

Baada ya Alasiri tuliwapa simu watu waliokuwepo nje ya ukumbi, bila ya kuwaeleza chochote. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake aliishika ya kanga, akaitazama kidogo, kisha akawa anagusa kwa kidole cha shahada huku akisema na wale vijana wanne, "Doti yake hii hapa, mwanangu, mbona mnahangaika?" Alizijua kanga nyengine kwa majina kabla ya kuzisoma. Hakuna mtu aliyehitaji kufundishwa ile gemu. Nguvu hiyo ni kubwa, na anayeidharau hajawahi kujaribu kumfundisha mtu gemu mpya katika kelele.

Ya karafuu watu waliishika, wakagusa, jamvi likawajaa, wakairudisha. Wengi. Haina hata maandishi ya kusema gusa wapi. Alibaki kijana mmoja, mcheza dhumna wa maskani ya jirani, amepoteza na kupoteza tena, tukataka kuichukua simu akaikumbatia. "Maalim, niache kidogo, nishajua inataka nini." Nikasimama nyuma yake kumtazama. Mwanzoni alikuwa anafuta chochote kilichokaribia, kama wote. Sasa alikuwa anaacha makusudi, anayatunza makonyo mawili pembeni, anangoja la tatu lichungulie kutoka chini, kisha anafyatua na vitu vinashuka vikikutana. Jamvi lilikuwa linapanda upesi kuliko mwanzo na yeye alikuwa ametulia zaidi, kwa sababu alikuwa anaiona meza kama anavyoziona dhumna zilizobaki mikononi mwa wenzake.

Yule mama alizidi kuwa mwepesi kila alipocheza, na alifurahi, lakini alikuwa anafanya kitu kilekile. Kwangu mimi hapo ndipo penye tofauti. Gemu ya kasi nzuri inambadilisha mchezaji namna anavyofikiri. Ya kanga, katika hali iliyoletwa, inamwongezea mchezaji mwendo tu, kisha inamfungia kioo asiutumie.

Karatasi ipi ya alama

Mshindi anategemea sana karatasi, na waandaaji mara nyingi huinakili bila kujua walichonakili. Ludum Dare, shindano la kimataifa la kutengeneza gemu lililoanza mwaka 2002, hutumia vipengele vinane: jumla, furaha, ubunifu, mada, picha, sauti, ucheshi na hisia. Kila kimoja kina orodha yake ya washindi, na mshiriki anaweza kujitoa katika kipengele asichokitaka, kwa mfano sauti kama muziki si wake. Tena gemu haipangiwi nafasi mpaka ipimwe na watu wasiopungua 20. Kwa karatasi hiyo gemu ya kanga ingechukua picha, mada na hisia, ya karafuu ingechukua furaha, na kila mtu angerudi nyumbani na kitu. PyWeek, ya wanaotengeneza gemu kwa wiki moja kwa lugha ya programu ya Python, ina vipengele vitatu tu: furaha, ukamilifu wa kazi, ubunifu. Hapo ya kanga ingeshinda, kwa sababu ukamilifu wa kazi una theluthi nzima ya alama na ya karafuu inaonekana kama haijamalizwa. Global Game Jam, tukio la dunia nzima la kutengeneza gemu, halina mshindi kabisa, na kuna siku natamani na sisi tungefanya hivyo.

Ile yetu ya safu tano za uzito sawa ni mbaya kuliko zote kwa gemu za kasi, kwa sababu muonekano na sauti kwa pamoja zina mafungu mawili katika matano, na mchezo wenyewe umefichwa ndani ya "furaha", safu ambayo majaji huijaza mwisho, wakiwa wamechoka. Ukilazimika kuitumia, ijaze furaha kwanza, kabla hujajua gemu inaonekanaje kwa wengine, na uijaze mara mbili: baada ya mchezo wako wa kwanza na baada ya kuizoea. Ya kanga ilipata kwangu nne, kisha tatu. Ya karafuu ilipata mbili, kisha tano. Ukichukua alama ya kwanza peke yake una mshindi mmoja, ukichukua ya pili una mwengine, na waandaaji ndio wanaopaswa kusema mapema wanataka ipi.

Uchaguzi wangu, na lini si uchaguzi wako

Kama zawadi ni ya gemu bora, na hasa kama ni pesa au nafasi ya kusaidiwa kuiendeleza, ichukue ya karafuu. Kasoro zake zote, kasi ya kioo, rangi, ukosefu wa maelezo, ziko juu ya ngozi na zinaondoka kwa siku mbili za kazi bila kugusa mchezo ulivyo. Za kanga nusu ni za ngozi na nusu ni za mfupa. Picha zinaweza kupunguzwa uzito na meza iliyokufa inaweza kutibiwa, lakini hata ukiondoa ule ukunjaji unabaki na swali la mchezaji atafanya nini cha zaidi siku ya pili. Wana jibu mkononi na hawajaliona: majina ya kanga. Wangeiacha ile ya kufananisha picha, wakamfanya mchezaji aoanishe nusu ya jina na nusu yake, "Hasidi" na "hana sababu", wangekuwa na gemu ambayo hakuna mtu duniani anayo.

Kama zawadi ni ya kuonyeshwa watu, kwenye maonyesho, katika tamasha, mbele ya wageni na wazazi, chagua ya kanga bila kusita na usijione umedhulumu mtu. Itajaza meza watu kutoka asubuhi mpaka jioni, na ya karafuu itakaa pale ikimngoja mcheza dhumna.

Na kama unapima wanafunzi, si gemu, yaani unataka kujua nani amejifunza kuandika programu, usiangalie kioo. Omba msimbo, kisha waulize swali moja kila kikundi: ni kitu gani mlikizuia kisitokee? Wa kanga walinieleza namna walivyozipiga picha. Wa Pemba walinionyesha mistari inayokagua vitatu vya bure, wakaniambia kuwa waliiandika saa tisa usiku baada ya mmoja wao kumfunga mwenzake kwa bahati na mwenzake kukataa kulala.

Tuligawana kura mbili kwa mbili, na jaji wa tano akaamua kwa kuomba kucheza moja kati ya hizo mara moja zaidi kabla ya kupiga kura. Aliomba ya karafuu.